Kazi Ilivuka Bahari, Wajibu Ukabaki Nyuma

Tunaponunua shati sokoni, ni mara chache tunasoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi. Hutaja nchi ambako shati lilishonwa, na nyuma ya jina hilo mna historia ya kazi iliyohama kutoka bara hadi bara.

Mwaka 1974, ili kulinda viwanda vyao, mataifa tajiri yalianza kutekeleza mkataba uliowekea mipaka nguo zilizotoka katika nchi zinazoendelea. Korea ya Kusini, iliyokuwa hodari katika ushonaji, ilibanwa. Kampuni yake ya Daewoo ikatafuta nchi ambayo mipaka hiyo ilikuwa haijaigusa, ikapatana na kampuni ya Desh ya Bangladesh. Mwaka 1979 wafanyakazi zaidi ya 100 wa Desh walipelekwa Korea kujifunza. Baada ya kurudi, wengi wao waliondoka kwenda kuanzisha au kuongoza viwanda vingine. Kufikia mwaka 2013 watu wapatao milioni 4, wengi wao wanawake waliotoka vijijini, waliishi kwa cherehani, na nguo zilileta takriban asilimia 80 ya mapato ya mauzo ya nchi hiyo ng'ambo.

Tusiyakane mema hayo. Binti aliyepokea mshahara wake mwenyewe alipata pia neno la kusema nyumbani. Lakini mkate huo ulikuwa umeondoka katika meza nyingine. Nchini Marekani, ushonaji wa nguo uliajiri watu zaidi ya 900,000 mwaka 1990; mwaka 2011 walibaki wapatao 150,000. Mnunuzi alipata shati rahisi, mshonaji akapoteza kazi. Sisi tulioishi katika miji iliyozaliwa na kampuni za madini hatuhitaji kuelezwa: kiwanda kikinyamaza, soko na shule navyo hunyamaza.

Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa watumishi wake. Washonaji waliamriwa kurudi kazini kesho yake asubuhi, na jengo likaanguka. Walikufa zaidi ya 1,100. Baadhi ya kampuni za ng'ambo zilisema hazikujua kwamba nguo zao zilishonwa humo, kwa kuwa agizo lilipita mikononi mwa wakala, kisha kwa kiwanda kimoja, kisha kwa kingine.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kazi ilivuka bahari, lakini wajibu wa aliyeiagiza haukuvuka pamoja nayo. Mwaka 2009, katika waraka Caritas in Veritate, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alikuwa ameonya kwamba kuhamishia uzalishaji mbali kunaweza kudhoofisha hisia ya wajibu ya kampuni kwa wafanyakazi na jamii.

Wajibu huo uliweza kurudishwa. Mwezi Mei 2013 kampuni nyingi zilitia sahihi, pamoja na vyama vya wafanyakazi, mapatano ya kisheria ya kukagua viwanda. Mwaka huohuo mshahara wa chini wa washonaji ulipanda kutoka taka 3,000 hadi 5,300 kwa mwezi. Viwanda havikukimbia Bangladesh kwa sababu hiyo.

Basi tujiulize: katika kazi tunazowapa wengine, ni nani anayebeba hatari yake, na je, tunamjua?