Malenga wa Kike na Mapenzi ya Kiungwana

Katika karne ya 12 na ya 13, kusini mwa Ufaransa kulisitawi ushairi wa mapenzi ulioimbwa katika majumba ya mabwana wenye ardhi. Lugha yake ilikuwa Kioksitani, na malenga wake waliitwa trubaduri. Wa kwanza ambaye tungo zake zimehifadhika ni Guillaume wa 9, mtawala wa Aquitaine, aliyefariki mwaka 1126.

Ushairi huo ulikuwa na kawaida zake. Mwanamume hujifanya mtumishi wa mapenzi. Humpigia magoti bibi wa daraja, mara nyingi mke wa mtu mwingine, akamwapia utii kama mpanda farasi amwapiavyo bwana wake. Humwita midons, neno lenye maana ya bwana wangu. Bibi huwekwa juu, akasifiwa na kuombwa. Lakini katika tungo nyingi za namna hiyo yeye mwenyewe hatamki neno. Heshima hiyo, basi, ilikuwa na thamani gani?

Jawabu lafaa kutafutwa kwa wanawake wenyewe, maana baadhi yao walitunga. Malenga hao wa kike, trobairitsi, wajulikanao kwa majina wapata 20 hivi, hali trubaduri wanaume wapita 400. Walitoka katika nyumba za kiungwana, na katika nchi zile mwanamke wa daraja aliweza kushika mamlaka: Ermengarde alitawala Narbonne tangu mwaka 1143 hadi 1192.

Mwanamke alipofungua kinywa, kawaida za ushairi zilibadilika. Comtessa de Dia, ambaye wimbo wake mmoja ndio pekee wa malenga hao uliosalia pamoja na lahani yake, hakungoja kubembelezwa. Alimshitaki mpenzi aliyemsaliti, akahesabu uzuri, akili na nasaba yake, akauliza kwa nini havikumfaa kitu. Castelloza wa Auvergne alikiri kwamba watu huona si adabu mwanamke kumsihi mwanamume. Hata hivyo akasihi, kwa kuwa moyo wake ulipata nafuu kwa kusema.

Maria de Ventadorn aliigusa shina la jambo. Katika utungo wa kujibizana, Gui d'Ussel alidai kwamba mwanamume akikubaliwa huwa sawa na bibi yake. Maria alikataa. Mtu aliyekuja kwa magoti, mikono ameikutanisha, akaapa kutumikia, kisha akadai usawa baada ya kupata haja yake, huyo alikuwa mhaini. Jibu hilo halikuwa la majivuno. Maria alitambua kwamba utumishi ule waweza kuwa njia tu ya kufikia haja, akataka kiapo kishikwe kama viapo vingine.

Vita dhidi ya Waalbigensi, vya mwaka 1209 hadi 1229, viliangusha nyumba nyingi zilizowatunza malenga. Tungo zilisalia katika miswada, mingi ikinakiliwa Italia. Mabibi wengi waliosifiwa humo hawajulikani hata kwa majina, maana waliitwa kwa lakabu za siri. Walichokipata kilitegemea ulimi wa mwanamume. Lakini Comtessa, Castelloza na Maria wasikika hata leo wakidai haki yao, kwa kuwa maneno hayo waliyatunga wenyewe.