Usugu Uliopanda Milima ya Buha

Kuhara damu kulikozuka kaskazini-mashariki mwa Zaire mwaka 1979 hakukuja mikono mitupu. Bakteria wake, Shigella dysenteriae aina ya kwanza, alikuwa amekwisha kuzizoea tetracycline, chloramphenicol na ampicillin, dawa ambazo hospitali na zahanati za ukanda huu zilikuwa zikizitegemea. Ugonjwa ukateremka kusini, ukaingia Rwanda na Burundi, kisha ukafika magharibi mwa Tanzania. Kwa mtu wa Kibondo au Kasulu, huko Buha mkoani Kigoma, mpaka na Burundi unaonekana zaidi kwenye ramani kuliko kwenye maisha. Waha na Warundi wanaelewana lugha bila mkalimani, wanaoana, wanauziana maharage na ndizi siku za soko.

Bakteria huyu ana tabia mbili zinazomtofautisha na wenzake wa tumboni. Kwanza, hawahitajiki wengi: inatosha mtu ameze kati ya kumi na mia moja. Pili, hutoa sumu inayochubua utumbo na wakati mwingine kuharibu figo, hasa za watoto. Kwa hiyo maji ya chumvi na sukari, ambayo humwokoa mgonjwa wa kipindupindu, hapa hayatoshi. Mgonjwa wa kuhara damu ya aina hii anahitaji antibiotiki, tena ile ambayo bakteria hajaizoea. Wasipotibiwa, kati ya wagonjwa watano na kumi na tano katika kila mia hufa.

Zaire wakahamia kwenye dawa ya Septrini. Haikuchukua muda, ikagoma. Ikafuata asidi ya nalidiksiki, dawa iliyopatikana mwaka 1962 katika mabaki ya kazi ya kutengeneza klorokwini, ile ile ya malaria iliyokuwa ikitia uchungu vinywa vya watoto wote wa Kigoma. Asidi hiyo nayo ikaanza kushindwa ndani ya miaka michache. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachunguzi waliopima vimelea vya wagonjwa wa Burundi waliona kwamba dawa zote za kumeza zilizokuwa zikitumika kwa kawaida nchini humo hazifui dafu.

Jambo hilo hujulikana kwa kipimo rahisi, ingawa kinataka umeme, jokofu na mtu aliyesomea. Mtaalamu wa maabara anachukua choo cha mgonjwa, anaotesha bakteria kwenye kisahani chenye chakula kilichoganda, kisha anabandika juu yake vidonge vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Kesho yake anasoma. Penye dawa inayofanya kazi pana duara safi, bakteria wamekufa pande zote. Penye usugu, utando wa bakteria umeota mpaka ukingoni mwa karatasi. Zahanati ya kijijini haina kipimo hiki, na tabibu wa huko hutibu kwa kubahatisha kwa elimu. Akiona mgonjwa hapati nafuu siku ya pili, hawezi kujua kama dawa imegoma, imeisha nguvu, au mama amempa mtoto nusu ya dozi ili nusu nyingine imfae mdogo wake.

Usugu huu ulieleweka kwanza Japani, nchi ambako bakteria mwenyewe alitambuliwa. Mwaka 1897 Kiyoshi Shiga alimkamata katika mlipuko uliowapata watu zaidi ya 90,000, na jina lake ndilo limebaki kwenye Shigella. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Kijapani walianza kukutana na wagonjwa ambao bakteria wao wanahimili dawa nne kwa mpigo. Ingekuwa ajabu bakteria abadilike mara nne kwa bahati, tena kwa pamoja. Mwaka 1959 watafiti wakaonyesha kwamba usugu hupita kutoka kwa bakteria mmoja wa tumboni kwenda kwa mwingine, hata asiye wa jamii yake. Kinachopita ni plasmidi, pete ndogo ya DNA iliyo nje ya kromosomu, yenye jeni kadhaa za usugu zilizofuatana. Bakteria wawili hugusana, nakala ikavuka, na aliyetoa hapungukiwi kitu, kama jirani anayepaliwa moto: makaa yanatoka, jiko lake linabaki linawaka.

Usugu dhidi ya asidi ya nalidiksiki ulishika njia nyingine. Huo kwa kawaida ulitokana na badiliko la herufi moja tu kwenye jeni ya bakteria mwenyewe, iitwayo gyrA. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ciprofloxacin, dawa mpya zaidi, ni ya ukoo uleule wa dawa. Bakteria aliyeishinda ya kwanza amekwisha kupiga hatua moja kuelekea kuishinda ya pili.

Tanzania ilikuwa na somo lake mapema, na lilitoka kwa kipindupindu. Mlipuko ulioanza Oktoba 1977 ulikuta vimelea vyote vilivyopimwa vikiuawa na tetracycline. Dawa ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima waliotakiwa kukingwa. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Fred Mhalu wa Muhimbili na wenzake waliandika habari hiyo katika jarida la Lancet mwaka 1979, na uchunguzi uliofuata ukazikuta plasmidi ndani ya vimelea hivyo. Mimi huona huo ndio ukurasa wenye uchungu zaidi katika historia hii. Kipindupindu ni ugonjwa ambao mgonjwa wake hupona hasa kwa kurudishiwa maji. Tuliimwaga antibiotiki mahali ambapo chumvi na sukari zingefanya kazi kubwa, wakati bakteria asiyetibika kwa chumvi na sukari alikuwa njiani.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia ndani ya wiki chache. Sehemu yao waliingia Tanzania, wengi kwa miguu kupitia Kibondo, Kasulu na Ngara. Walitoka katika nchi ambayo kuhara damu sugu kulikuwa kumekwisha kuenea. Mwaka uliofuata, kando ya Ziwa Kivu, dunia nzima ikaona Goma: karibu wakimbizi 50,000 wa Rwanda walikufa katika mwezi wa kwanza, kipindupindu kikitangulia na kuhara damu kukifuata. Ciprofloxacin ilikuwepo duniani, lakini kwa bei ya wakati ule ilibidi itunzwe kwa waliozidiwa, yaani watoto wadogo, wazee na waliodhoofu. Mwaka 1996 Kasulu ikafungua kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo, na Warundi wakaendelea kujaza Mtabila, Muyovosi, Nduta na Kanembwa.

Ni rahisi kumsingizia mkimbizi, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini bakteria hawa hawakuzaliwa kambini. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Taasisi ya Pasteur ya Paris lilitoa matokeo ya kusoma DNA yote ya vimelea 331 vya bakteria wa Shiga kutoka nchi 66, vilivyohifadhiwa kati ya mwaka 1915 na 2011. Ukoo wenyewe ulikuwepo angalau tangu karne ya 18 na ulitapakaa duniani mwishoni mwa karne ya 19. Tawi lenye usugu wa dawa nyingi lilikulia Asia Kusini, likaja Afrika kwa mawimbi kadhaa. Mwaka 2017 kazi kama hiyo juu ya kipindupindu barani Afrika ilihesabu angalau safari kumi na moja za namna hiyo kutoka Asia tangu mwaka 1970. Kilichowafanya bakteria hawa waue watu Kibondo ni vyoo, maji na msongamano. Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kilithibitisha hilo tena Mei 2015, pale makumi ya maelfu ya Warundi waliposubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma mjini, na kipindupindu kikawakuta ufukweni.

Shigella wa aina ya kwanza ameadimika tangu miaka ya 2000, bila mtu kumshinda kwa dawa. Jeni za usugu hazikuondoka naye. Siku hizi zinakaa zaidi wodini, kwenye Klebsiella na E. coli wanaoingia kupitia kidonda cha upasuaji, mpira wa mkojo au kitovu cha mtoto mchanga. Muhimbili, miaka ya 2001 na 2002, watoto waliokuwa na bakteria wenye kimeng'enya cha kuvunja dawa za jamii ya ceftriaxone katika damu yao walikufa kwa kiwango cha asilimia 71. Bugando, hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa wa Kigoma pia, watafiti wa Mwanza waliikuta jeni ya kimeng'enya hicho, CTX-M-15, ikiwa juu ya plasmidi. Mizizi ya ukoo wake iko kwa Kluyvera, bakteria wa majini na udongoni asiye na sifa ya kuua watu, aliyeibeba kwenye kromosomu yake kabla binadamu hajatengeneza ceftriaxone.