Mchezo Uliookolewa kwa Senti

Mchezo wa watu wengi haufi kwa ubovu wa vifaa vyake. Hufa kwa kuondokewa na watu. Ngoma yataka wapigaji na wachezaji, bao lataka watu wawili na watazamaji wenye maneno, na hata mdako wa watoto hauna ladha mtoto akiwa peke yake. Kweli hii ni ya zamani. Walakini, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21 ilibidi ijifunzwe upya, tena kwa gharama kubwa, na watu waliotengeneza michezo ya kompyuta inayochezwa na maelfu kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Habari za mchezo mmoja katika hiyo, uitwao Dungeons & Dragons Online, zastahili kusimuliwa, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo biashara ya michezo haijamaliza kulijibu: mtu auzapo mchezo kwa senti, huuza nini hasa?

Asili ya mchezo huo ni meza na dadu. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo wa kusimulia, ambao watu wachache huketi pamoja, mmoja wao akawa msimulizi, na wengine wakawa mashujaa wanaoingia mapangoni kupigana na majoka na kutafuta hazina. Kilichofanya mchezo ule upendwe hakikuwa dadu wala majoka, bali ule ushirika wa mezani. Kampuni ya Turbine ya jimbo la Massachusetts ilitaka kuuhamisha ushirika huo katika kompyuta, na mwezi Februari 2006 ikaufungua mchezo wake. Mashujaa walikutana katika mji wa kubuni uitwao Stormreach, wakaunda vikosi vya watu hata sita, kila mmoja na kazi yake: huyu mpiganaji, yule tabibu, mwingine fundi wa kutegua mitego. Sauti ya msimulizi ilisikika ikieleza yaliyo mbele yao, na katika safari moja sauti hiyo ilikuwa ya Gygax mwenyewe. Alipofariki tarehe 4 Machi 2008, watengenezaji walimjengea kumbukumbu ndani ya mchezo, katika makaburi yale yale ambayo sauti yake huwaongoza wachezaji.

Kwa hiyo mchezo haukukosa ustadi. Ulichokosa ni nafasi. Tangu Ultima Online ya mwaka 1997 na EverQuest ya mwaka 1999, desturi ya michezo ya namna hii katika nchi za Magharibi ilikuwa kutoza ada ya kila mwezi. Ada ilikuwa moja kwa wote: tajiri na maskini, mwenye kucheza usiku kucha na mwenye kucheza saa moja kwa juma, wote walilipa sawa, na wakiisha kulipa walikuwa sawa ndani ya mchezo. Ilikuwa desturi ya haki, lakini ilikuwa na kasoro moja. Mtu alipaye ada ya mchezo mmoja kwa nadra hulipa ya mchezo wa pili, kwa kuwa hana fedha mbili wala jioni mbili. Mwezi Novemba 2004 ulifunguliwa mchezo wa World of Warcraft, na kabla ya miaka miwili kutimia mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuweka fedha zao na jioni zao humo. Turbine ilidai ada ya karibu dola 15 kwa mwezi, sawa na ile ya jirani yake mwenye nguvu, nayo ikawa kama mwenye duka dogo aliyefungua mlango mbele ya soko kuu.

Hapo ndipo ule ubora wa mchezo ulipogeuka kuwa adhabu. Kikosi kilitaka watu sita. Wanne wakiondoka, wawili waliobaki hawana wa kuingia naye pangoni. Hungoja nusu saa, hungoja saa nzima, kisha nao huondoka. Kila aliyeuacha mchezo alimpunguzia thamani mwenziwe aliyebaki, ingawa ada ya mwenziwe haikupungua hata senti. Mwaka 2007 kampuni ililazimika kuziunganisha seva zake, ili wachezaji waliotawanyika wakusanyike mahali pachache. Dawa hiyo ilipunguza maumivu bila kuponya ugonjwa. Watu wenye hesabu waliona upungufu wa fedha. Lakini mchezo ulikuwa na njaa ya watu kabla ya kuwa na njaa ya fedha.

Njia nyingine ya kuuza michezo ilikuwapo, lakini mbali na hapo. Katika Korea ya Kusini, kampuni ya Nexon ilikuwa imeuondolea ada mchezo wake uitwao QuizQuiz mnamo mwaka 2001, ikaanza kuuza vitu vidogo vidogo ndani yake. Njia hiyo ilienea upesi katika Asia ya Mashariki. Katika Marekani na Ulaya ilidharauliwa. Mwezi Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi kwa wachezaji wa Oblivion, kwa dola mbili na nusu hivi, na deraya ile ikawa kichekesho kilichodumu miaka mingi. Watu walioona ni halali kulipa dola 15 kila mwezi waliona ni aibu kutakiwa dola mbili kwa pambo la mnyama asiyekuwapo. Dharau hiyo haikuwa ya kipumbavu. Ilitokana na hofu kwamba mahali palipokuwa pa usawa patageuka kuwa mahali pa mwenye mfuko.

Tarehe 9 Septemba 2009, Turbine ilifungua mlango. Tangu siku hiyo mtu yeyote aliweza kuingia Stormreach bila ada. Sehemu ya safari ilikuwa bure. Nyingine ziliuzwa katika duka lililomo ndani ya mchezo wenyewe, na aliyenunua safari alikuwa nayo daima. Waliotaka kuendelea na ada ya mwezi waliendelea nayo, wakapata safari zote pamoja na pointi za kutumia dukani. Sheria iliyokuwa na busara kuliko zote ilikuwa ile ya kwamba pointi za dukani zilipatikana pia kwa jasho. Mchezaji aliyemaliza kazi nyingi na kupata sifa kwa wenyeji wa mji alilipwa pointi chache, na pointi hizo zilinunua bidhaa zile zile zilizonunuliwa kwa fedha. Walikuwako waliounda shujaa, wakafanya kazi zake, wakapokea pointi, wakamfuta shujaa huyo, wakaanza tena na mwingine, kama kibarua anayerudi shambani kila alfajiri. Kazi hiyo ilichosha, lakini iliacha mlango wazi kwa asiye na kitu.

Matokeo yaliwashangaza hata waliotumaini. Mapema mwaka 2010 kampuni ilitangaza kwamba mapato ya mchezo yamepanda kwa asilimia 500, na ajabu zaidi, hata idadi ya walipao ada ya mwezi ilikuwa imeongezeka. Hili la pili ndilo lenye mafunzo. Mtu angedhani kwamba mlango ukiwa wazi, hapana atakayelipa kiingilio. Lakini wale waliokuwa wameacha kulipa walikuwa wameacha kwa sababu ya upweke, na sasa mji ulikuwa umejaa. Vikosi vilipatikana. Aliyeingia bure alikuwa tabibu ambaye mwenye kulipa alimngojea saa nzima bila kumpata.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo yaonekana kufaa habari hizi. Hata hivyo kibaba hiki hakikujazwa na kila mkono kwa kiasi kimoja. Katika michezo ya namna hii wengi hawalipi kabisa, baadhi hulipa kidogo, na wachache hulipa sana. Ni rahisi kumwona asiyelipa kuwa mdoezi katika karamu ya wengine. Kumbe yeye ndiye karamu. Anayenunua panga zuri hulinunua ili lionekane, na anayenunua safari mpya huinunua apate wa kusafiri naye. Duka huuza panga na safari, lakini vitu hivyo hupata thamani kwa kuwako watu wengine, na watu hao hawaandikwi katika daftari la bidhaa. Basi jibu la swali la mwanzo ni kwamba mwenye mchezo huuza jamii ya wachezaji kwa wachezaji wenyewe. Kwa sababu hiyo hana uhuru wa kuuza apendavyo, maana bidhaa yake yaweza kuinuka na kwenda zake.

Turbine ilikumbushwa jambo hilo mapema. Mwezi Aprili 2010 iliweka mpango wa kuwapa wachezaji pointi kwa kuitikia matangazo ya wafanyabiashara wengine. Wachezaji walilalamika kwamba habari zao zingeweza kuwafikia watu wasiowajua, na katika muda wa siku chache tu mpango huo uliondolewa. Kulipa kwa fedha walikuwa wamekubali, na kulipa kwa jasho pia. Kulipa bila kujua wanalipa nini walikataa.

Somo kubwa zaidi lilitolewa Iceland mwaka uliofuata. Kampuni ya CCP ya Reykjavik ilikuwa na mchezo uitwao EVE Online, uliofunguliwa mwaka 2003, wenye sifa ya kuwaachia wachezaji waendeshe biashara na vita vyao wenyewe. Mwezi Juni 2011 ilifungua duka la mapambo, na humo kioo cha kuvaa jicho moja kilitakiwa bei ya dola zaidi ya 60. Siku chache baadaye jarida la ndani la kampuni likavuja, na ndani yake mlijadiliwa uwezekano wa kuuza vitu vyenye manufaa zaidi ya urembo. Wachezaji walikusanyika na merikebu zao katika kituo cha biashara cha Jita, wakaipiga mizinga sanamu isiyoweza kuvunjika. Walijua kwamba haitavunjika. Walitaka ionekane wanaipiga. Kampuni ililiita Reykjavik baraza la wawakilishi ambalo wachezaji huchagua kwa kura, na baada ya mazungumzo ikatamka kwamba haina nia ya kuuza nguvu kwa fedha. Mwezi Oktoba mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani, na mwezi huo huo kampuni ikapunguza karibu moja kwa tano ya wafanyakazi wake. Hao waliopoteza kazi aghalabu husahauliwa habari hizi zinaposimuliwa kama kichekesho cha kioo cha jicho.

Wengine walifuata njia ile kwa hekima mbalimbali. Turbine yenyewe, ikiwa sasa chini ya Warner Bros., iliufungulia mlango mchezo wake wa The Lord of the Rings Online mwaka 2010, na mapato yake yakapanda mara tatu. Star Wars: The Old Republic, uliofunguliwa Desemba 2011, ulikuwa na wachezaji wanaolipa 1,700,000 mwanzoni mwa mwaka 2012, lakini kabla ya mwaka huo kufikia katikati ya Agosti walikuwa wamepungua chini ya milioni moja, na mwezi Novemba nao ukaacha ada ya lazima. Hapo mgeni alikuta hata baadhi ya safu za vitufe vya kumwamrisha shujaa wake zinauzwa, mithili ya mwenye nyumba anayemkaribisha mtu bure kisha akamtoza kwa kukalia kiti. Kejeli zilikuwa nyingi, na baadaye safu za bure ziliongezwa. Kisha yakaja masanduku ya bahati nasibu, ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka aishe kulipa. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya EA ilisimamisha kwa muda mauzo yote ya fedha ndani ya Star Wars Battlefront II, kwa ghadhabu za wachezaji, mchezo ukiwa ndio kwanza unatoka. Na mwezi Aprili 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya michezo kadha ni kamari kwa mujibu wa sheria yake.

Mtu akizipanga habari hizi kwa miaka, huona kwamba ugomvi haukuwa juu ya udogo wa malipo wala ukubwa wake. Deraya ya farasi ilikuwa rahisi nayo ikachekwa. Safari za Stormreach ziligharimu zaidi, nazo zikanunuliwa kwa furaha. Watu waligoma pale fedha zilipotishia kununua heshima waliyoipata wengine kwa jasho, na pale muuzaji alipoificha bidhaa au nia yake. Ada ya zamani ilikuwa imeulinda usawa bila mtu kuufikiria. Ilipoondoka, usawa ulihitaji walinzi, na walinzi hao wakawa wachezaji wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Dungeons & Dragons Online uliiacha Turbine, ukahamia katika kampuni ndogo iitwayo Standing Stone Games, iliyoundwa na baadhi ya watu waliokuwa wakiutunza. Machi 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, kampuni hiyo iliwafungulia wachezaji bure kwa muda sehemu kubwa ya safari ambazo kwa kawaida ziliuzwa. Tendo hilo lilikuwa la ukarimu, na tena lilikuwa la mtu aijuaye bidhaa yake. Mwaka 2024, miaka 15 tangu mlango ulipofunguliwa, mchezo ulikuwa ungali hai, si mkubwa wala si tajiri, na vikosi vya watu sita vilikuwa vingali vikiingia mapangoni. Na katika makaburi ya Stormreach sauti ya msimulizi aliyefariki mwaka 2008 ilisikika kwa aliyelipa na kwa asiyelipa.