Gharama Isiyorudi

Mradi wa programu ukikwama kabla ya kuzinduliwa, hoja ya kwanza kutolewa kikaoni huwa hii: "Hela iliyokwenda ni nyingi, hatuwezi kuacha sasa." Wanauchumi wana istilahi mahususi ya hela hiyo. Ni fedha iliyokwisha kutumika, ambayo hairudi, kazi iendelee au isitishwe. Kwa kuwa hairudi kwa vyovyote vile, haina nafasi katika uamuzi wa kesho.

Ukiitafsiri istilahi yao ya Kiingereza, "sunk cost", neno kwa neno, utapata "gharama iliyozama". Mimi siikubali. Pwani, kitu kikizama hutafutwa mpiga mbizi akakiopoe. Istilahi ya namna hiyo inamsukuma msimamizi kwenye kosa lile lile inalotakiwa kumwepusha nalo, yaani kutia fedha mpya ili kuokoa za zamani. "Gharama isiyorudi" inasema jambo lenyewe, na mhasibu na mwandika programu wataielewa sawasawa.

Tuseme mradi umekula shilingi milioni 80 na umaliziaji unahitaji milioni 30. Sokoni ipo programu iliyo tayari, inafanya kazi ile ile kwa milioni 12. Wengi watailinganisha milioni 12 na zile 80 na kuona uchungu. Hesabu sahihi ni 30 dhidi ya 12, basi.

Mfano halisi upo. Mwaka 2008 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha mradi wa kuwawezesha watayarishaji wa vipindi kuhariri na kupeana picha na sauti kwenye kompyuta, bila kanda. Mwaka uliofuata mkataba na mkandarasi, Siemens, ulivunjwa, BBC wakaichukua kazi wenyewe. Aprili 2013, waziri mkuu wa zamani, Margaret Thatcher, alipofariki, iliripotiwa kwamba ilibidi kanda za kumbukumbu zisafirishwe kwa teksi na treni ya chini ya ardhi. Mei mwaka huo mkurugenzi mkuu, Tony Hall, aliusitisha mradi. Takriban pauni milioni 98 zilikuwa zimeteketea. Mojawapo ya hoja za BBC ilikuwa kwamba sokoni zimeshapatikana zana ambazo miaka mitano nyuma hazikuwepo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kasoro yake ni kuchelewa.

Ulichelewa kwa sababu anayeongoza mradi hulinda pia jina lake na jasho la wenzake. Ndiyo maana masharti ya kusitisha yaandikwe siku bajeti inapopitishwa, kabla mtu hajaanza kuipenda kazi: tarehe gani, gharama ya kumalizia ikifika kiasi gani, watumiaji wa majaribio wakishindwa nini. Na anayeyapima asiwe yule anayeuongoza mradi.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wasimamizi, kikao kijacho ondoeni kwenye jedwali safu ya fedha zilizokwisha kutumika, kisha ndipo muamue.