Sapporo, jiji lililochorwa kama jedwali

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Sababu ni kwamba nilikuwa Japani, tena si Tokyo ambako kila mpenda teknolojia huenda kupigwa picha na roboti, bali Sapporo, kisiwani Hokkaido, kaskazini kabisa, mwezi wa Februari. Tulikuwa wanne: mimi, wenzangu wawili niliosoma nao sayansi ya tarakilishi, na mwenyeji wetu, Mkenya anayesomea shahada ya uzamili huko. Habari za baridi nitasimulia siku nyingine. Leo itoshe kusema kwamba simu yangu ilizimika ikiwa bado na chaji asilimia 40, na mimi mwenyewe sikuwa mbali na kuzimika.

Simu hiyo ndiyo iliyozaa makala haya. Jioni ya pili tulitawanyika, kila mtu na shughuli zake, tukaahidiana kukutana kwenye kijiduka cha tambi za supu. Mwenyeji alinipa anwani: Minami 2, Nishi 7. Nikaishika kichwani, namba mbili tu, mtoto wa chekechea anaweza. Simu ikafa. Nikatembea, nikafika, nikasimama. Nikasimama tena. Baada ya nusu saa nilikuwa na theluji mabegani kama sanamu, na duka la tambi halikuwepo.

Hapo ndipo nilipogundua upumbavu wangu. Kazini kwangu kila siku naandika x kwanza, y baadaye. Kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kimegeuza namba bila kuniuliza, na mimi nilikuwa nimesimama Minami 7, Nishi 2. Kila aliyewahi kuchanganya latitudo na longitudo kwenye ramani, akakuta duka lake la Nairobi liko katikati ya bahari, anajua aibu hiyo. Lakini sikiliza jambo lililonishangaza: sikumuuliza mtu. Sikuwa na ramani, Kijapani sijui zaidi ya salamu, theluji inamwagika. Nilihesabu bloku tano kwenda kaskazini na tano kwenda magharibi, zaidi ya kilomita moja, nikafungua mlango na kuwakuta jamaa wamemaliza kula.

"Wewe si ndiye unajiita programa?" mwenyeji akaniuliza. Sikujibu. Niliagiza supu.

Usiku ule sikulala. Nilitaka kujua ni nani aliyechora jiji hili, maana kwa kawaida anwani za Japani ni mateso. Barabara nyingi hazina majina, na katika mitaa mingi ya zamani nyumba zina namba kwa kufuata ni ipi iliyojengwa kwanza, si kwa mpangilio wa barabara. Sapporo ni kinyume kabisa. Katikati ya jiji kuna bustani ndefu iitwayo Odori, inayokata jiji kutoka mashariki kwenda magharibi. Hiyo ndiyo sifuri. Ukiwa juu yake unahesabu Kita, yaani kaskazini: 1, 2, 3. Chini yake unahesabu Minami, kusini. Kisha kuna mfereji unaoitwa Sosei, unaotoka kusini kwenda kaskazini. Upande wake mmoja ni Nishi, magharibi, na wa pili ni Higashi, mashariki. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba jengo la matofali mekundu lililokuwa makao ya serikali ya Hokkaido, lililojengwa 1888, liko Kita 3, Nishi 6, huhitaji maelezo zaidi. Hilo ni jedwali. Sapporo ina watu karibu milioni 2, na kitovu chake chote unaweza kukiweka kwenye kichwa kimoja, hata kama ni kichwa changu.

Mfereji ulitangulia jiji. Ulichimbwa 1866 na Otomo Kametaro, afisa aliyetumwa kufungua mashamba pale. Miaka mitatu baadaye, 1869, serikali mpya ya Mfalme Meiji ilikipa kisiwa jina la Hokkaido, badala ya Ezo, na kuunda ofisi maalum iitwayo Kaitakushi, ya "kufungua" ardhi mpya. Haraka ilitokana na Urusi, iliyokuwa inasogea kutokea kaskazini, na Tokyo iliogopa kwamba kisiwa kisicho na Wajapani wengi kingechukuliwa. Afisa aliyeitwa Shima Yoshitake akapewa kazi ya kuanzisha makao makuu. Alifika majira ya baridi, akachora jiji la mistari iliyonyooka kwa kuiga Kyoto, akaanza kujenga huku theluji inaanguka. Pesa zikaisha upesi, na mwanzoni mwa 1870 akaitwa arudi. (Watu wa miradi ya programu, mnaijua hadithi hii. Ila yeye mambo yalimharibikia zaidi: 1874 aliuawa kwa kushiriki maasi kwao Saga.)

Mchoro ulibaki, wengine wakaumalizia. Mwaka 1871 wakaacha ukanda mpana katikati ili moto usiruke kutoka nyumba za raia upande wa kusini hadi ofisi za serikali upande wa kaskazini. Ukanda huo ndio Odori ya leo. Kila bloku ilipimwa upande mmoja mita 109 hivi. Mwanzoni barabara zilipewa majina ya wilaya za Hokkaido, lakini 1881 majina yakafutwa, zikaingia namba. Nikisema ukweli, nilipofika hapo nilitaka kupiga makofi. Jina ni kitu cha kukariri, namba ni kitu cha kuhesabu.

Mwalimu mkuu wa kazi hii alitoka Marekani. Horace Capron, aliyekuwa mkuu wa kilimo wa serikali ya Marekani, alikubali kuja 1871 kuwa mshauri wa Kaitakushi. Mwaka 1876 akaja William Smith Clark kuanzisha Chuo cha Kilimo cha Sapporo, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Hokkaido. Clark alikaa miezi minane tu, lakini ukienda huko utadhani alikaa miaka themanini, sanamu zake ziko kila mahali. Mnara wa saa unaopigwa picha na kila mgeni, Kita 1, Nishi 2, ni ukumbi wa chuo hicho wa 1878, na saa yenyewe iliagizwa Boston, ikawekwa 1881. Inaendeshwa kwa uzito wa mawe hadi leo. Haina betri ya kufa kwa baridi.

Sasa, kuhusu Capron kuna jambo ambalo halipo kwenye vipeperushi vya watalii. Miaka ishirini kabla ya Japani, aliwahi kutumwa na serikali yake Texas, kushughulikia kuhamishwa kwa makabila ya Wahindi Wekundu, kama tulivyofundishwa kuwaita. Nilipolisoma hilo nikaanza kujiuliza swali nililopaswa kuuliza mapema. Kuchora jedwali safi namna ile, unahitaji karatasi tupu. Je, karatasi ilikuwa tupu?

Haikuwa. Kisiwa kilikuwa cha Waainu, watu wenye lugha yao isiyo na udugu unaojulikana na Kijapani, wavuvi wa samaki aina ya samoni na wawindaji wa paa. Jina lenyewe Sapporo ni lao. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba linatokana na maneno ya Kiainu yenye maana ya mto mkubwa mkavu. Kotoni, ambako 1875 walipelekwa wakulima-wanajeshi wa kwanza, karibu familia 200, ni jina la Kiainu pia. Wala wakubwa hawawezi kusema hawakujua. Matsuura Takeshiro, mtu aliyependekeza jina ambalo liligeuzwa kidogo likawa Hokkaido, alikuwa amezunguka kisiwa mara sita akiongozwa na Waainu, na ramani yake ya 1859 ilijaa maelfu ya majina yao ya mito na vilima. Alipewa cheo Kaitakushi, na 1870 akajiuzulu kwa kuchukizwa na jinsi Waainu walivyotendewa.

Kwa lugha ya kazi yangu: data ilikuwepo, tena safi, tena imeandikwa na mtu wao wenyewe. Waliomfuata wakaandika juu yake kana kwamba hapakuwa na kitu. Sheria za ardhi za 1872 na 1877 zikafanya ardhi ya Waainu kuwa ya serikali. Mishale ya sumu waliyowindia ikapigwa marufuku 1876, na uvuvi wa samoni kwenye mito ukazuiwa mto baada ya mto. Kisha 1899 ikaja sheria ya "kuwalinda", iliyompa kila mwenye nyumba Mwainu hadi hekta 5 hivi iwapo angekubali kulima, wakati ardhi nzuri ilikuwa imeshagawiwa wahamiaji. Watoto wakafundishwa kwa Kijapani. Sheria hiyo ilifutwa 1997. Ndiyo, 1997.

Mwaka 1899 ulinigonga kwa sababu nyingine. Ndio mwaka reli kutoka Mombasa ilipofika kwenye kinamasi fulani, maturubai yakapigwa, na Nairobi ikaanza. Nairobi nayo ni neno la wenyeji, kutoka Kimaasai, enkare nairobi, maji baridi. Miji miwili, kila mmoja umepewa jina la maji kwa lugha ya watu walioondolewa ili ujengwe. Sisi tulikuwa na sheria ya ardhi ya 1902, iliyoiruhusu serikali ya Mwingereza kugawa ardhi iliyoonekana kutokaliwa na mtu, kana kwamba mfugaji akihama na ng'ombe wake amehama milele. Tukawa na mkataba wa Wamaasai wa 1904, na wa pili wa 1911 uliowatoa Laikipia. Wamaasai walienda mahakamani, na 1913 wakaambiwa mikataba ile ni mambo baina ya dola na dola, mahakama haina neno. Sisemi historia hizi ni moja. Wajapani walikuja kwa mamia ya maelfu, na leo Waainu ni wachache mno kisiwani kwao. Nasema tu kwamba nilisafiri mbali sana kwenda kuona karatasi "tupu" ambayo tayari nilikuwa naifahamu.

Nilimwambia mwenyeji wetu hayo yote tukinywa chai. Alinisikiliza, kisha akasema ana kitu cha kutuonyesha chini ya ardhi. Sapporo, kwa sababu theluji inayoanguka msimu mmoja ukiijumlisha hufika karibu mita 5, imejichimbia mji wa pili chini: maduka, na treni za 1971 zinazotembea kwa magurudumu ya mpira, ambazo wapenda mitambo tuliziangalia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Pale stesheni ya Sapporo kuna sehemu ya maonyesho ya Kiainu iliyofunguliwa 2019, na ndani yake bundi mkubwa wa mbao ametandaza mabawa. Kwa Waainu bundi huyo ni mungu mlinzi wa kijiji. Watu wanampita wakikimbilia treni. Mwaka huohuo wa 2019 sheria ya Japani iliwataja Waainu kwa mara ya kwanza kuwa wenyeji wa asili, na 2020 jumba la taifa la makumbusho yao likafunguliwa Shiraoi, ambako maandishi ya Kiainu hutangulia. Ni jambo kubwa. Ardhi na samoni, sheria hiyo haikuvirudisha.

Siku ya mwisho tulitembea Odori yote kuangalia tamasha la theluji. Lilianza 1950, wanafunzi wa shule walipochonga sanamu sita mahali ambapo jiji lilikuwa linatupa theluji yake. Mwaka 1955 wanajeshi wakajiunga, na sasa zipo sanamu kubwa kama ghorofa. Tulianzia Nishi 1, chini ya mnara wa televisheni wa 1957, tukienda magharibi bloku moja moja. Mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti, wenzangu wananicheka, kwamba safari hii nisigeuze.

Nishi 11 nikasimama. Pembeni, kwenye mstari wa sifuri wenyewe, lipo jengo la Mahakama ya Wilaya ya Sapporo. Mwaka 2020 kikundi cha Waainu wa mji wa Urahoro, mashariki ya kisiwa, kilileta kesi hapo kudai haki ya kuvua samoni kwenye mdomo wa mto wao kama walivyovua wazee wao, si kwa kibali cha gavana cha kuvua wa matambiko tu. Aprili 2024 mahakama ikaikataa. Mwenyeji alinitafsiria bango la langoni: jina la mahakama, kisha anwani. Mmoja wa wenzangu akauliza kama sasa naweza kuwapeleka kwenye chakula bila kupotea. Nikasema naweza. Minami 2, Nishi 7.