Walter Trier

Walter Trier (Prague, 25 Juni 1890 – Craigleith, Kanada, 8 Julai 1951) alikuwa mchoraji wa vitabu na magazeti anayehesabiwa miongoni mwa wachoraji wa Ujerumani. Wapo wanaoweza kupinga, kwa kuwa hakuzaliwa huko na alifia ugenini. Hata hivyo, alisomea Munich, akajijengea jina Berlin kuanzia 1910, na mwaka 1929 alichora picha za *Emil und die Detektive*, kitabu cha Erich Kästner kilichopendwa na watoto wa nchi nyingi. Akiwa Myahudi, alikimbia utawala wa Wanazi mwaka 1936 na kuhamia London, alikochora majalada ya jarida la *Lilliput*. Basi kuondoka kwake ni ushahidi wa dhuluma aliyotendewa, si wa ugeni wake katika sanaa ya Kijerumani.