Guillain-Barré: kwa nini tunausikia mjini zaidi kuliko kijijini?

Ugonjwa wa Guillain-Barré, unaotamkwa Giyan-Bare, hushambulia mishipa ya fahamu. Umepewa jina la madaktari wawili wa Ufaransa waliouelezea mwaka 1916, pamoja na mwenzao Strohl, baada ya kuona askari wawili walioishiwa nguvu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kuishambulia mishipa ya mwenyewe. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi vidoleni, miguu inalegea, kisha udhaifu unapanda hadi mikononi na wakati mwingine kwenye misuli ya kupumua.

Duniani, unampata mtu 1 au 2 kati ya kila watu 100,000 kwa mwaka. Tuiweke hesabu hiyo karibu na nyumbani. Jiji la watu milioni 5 litategemea wagonjwa 50 hadi 100 kila mwaka, na hospitali kubwa ya hapo itauzoea. Wilaya ya watu 200,000 itapata 2 hadi 4. Kijiji cha watu 3,000? Kwa wastani mgonjwa mmoja kila baada ya miaka 17 hadi 33.

Kwa hiyo hata bibi mwenye miaka 80 anaweza kuwa ameona wagonjwa wawili tu maishani, na hakuna aliyemwambia ugonjwa unaitwaje. Si ajabu kijana aliyelima vizuri Jumatatu akishindwa kusimama Alhamisi, watu wanasema amerogwa. Mjini haupo zaidi kwa sababu ya moshi au maisha ya kasi. Watu ni wengi, na daktari wa kuutambua yupo.

Lakini kuna wakati mji unaupata kupita kiwango. Mwanzoni mwa mwaka 2025, katika eneo la jiji la Pune, magharibi mwa India, wagonjwa zaidi ya 200 walihesabiwa ndani ya miezi miwili hivi, na baadhi walifariki. Wengi waliishi upande mmoja, karibu na kisima kikubwa cha maji, na wengi walikuwa wameharisha kabla ya miguu kulegea. Vipimo vilionyesha bakteria aina ya kampilobakta kwa baadhi yao. Bakteria huyu hupatikana kwenye maji machafu, maziwa yasiyochemshwa na nyama ya kuku isiyoiva. Chanzo kimoja cha maji kikiwahudumia maelfu, ugonjwa nadra unakuwa si nadra tena kwa wiki kadhaa. Na hapo kijiji chenye kisima kimoja hakina cha kujivunia mbele ya mji.

Usiogope kila tumbo la kuhara, maana kati ya wanaougua kampilobakta, ni kama mmoja katika elfu anayepata Guillain-Barré. Wala hauambukizi kutoka kwa mgonjwa, hivyo mlisheni na mgeuzeni kitandani bila woga.

Namna ya kuutofautisha na kiharusi: kiharusi mara nyingi huja ghafla na kulegeza upande mmoja wa mwili. Huu kwa kawaida huanza miguu yote miwili na kupanda kwa siku kadhaa. Mtu akiona hivyo, hasa aliyeharisha au kuugua mafua wiki chache zilizopita, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akishindwa kumeza au akihema kwa shida, msisubiri asubuhi. Kati ya wagonjwa 4 au 5, mmoja huhitaji mashine ya kupumulia, na mashine hiyo haipo zahanati. Ombeni rufaa mapema. Wengi hupona na kutembea tena, ingawa huchukua miezi, na mazoezi ya viungo husaidia sana.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 15 kuna jambo moja zaidi. Kulegea kwa ghafla kwa mkono au mguu lazima kuripotiwe kwenye kituo cha afya, kwa sababu polio nayo huanza hivyo. Mhudumu atachukua choo cha mtoto mara mbili, kwa tofauti ya saa 24, ndani ya siku 14 tangu alipolegea. Msimtibu kwanza kwa mganga wiki mbili ndipo mumlete. Kirusi cha polio kinaweza kuwa kimeshapungua kwenye choo, na kipimo kikakikosa.